Safu ya Pili ya Daftari la Mashoka

Katika ligi yetu ya kutupa mashoka hapa Ijuganyondo mimi ndiye mtunza pointi, na nataka ieleweke mapema kwamba sijawahi kumwibia mtu hata moja. Nilichofanya kilikuwa cha kijinga zaidi.

Tulianza kwa utani. Niliona kwenye simu watu wa ng'ambo wakitupa shoka kwenye ubao kwa zamu na kushangiliwa kama wamefunga goli. Nikamwambia baba mkwe wangu, ambaye pia ni jirani yangu, kwamba wenzetu wamegeuza kazi ya kuni kuwa ligi. Alicheka sana. Jumamosi iliyofuata nikamkuta amekata kipande kinene cha mkaratusi, amekichora miduara kwa rangi iliyobaki ya mlango, na kukisimamisha nyuma ya nyumba yake. Baada ya miezi michache tulikuwa watu wanane. Mnasimama hatua sita kutoka kwenye ubao, kila mmoja anatupa mara kumi, na mwenye alama nyingi ndiye mshindi.

Kwa kuwa nafundisha hisabati, niliona kuhesabu ushindi peke yake ni uvivu. Nikaleta pointi za uwezo. Kila mtu alianza na elfu moja. Ukimfunga aliyekuzidi, unamchota nyingi. Ukimfunga wa chini yako, unaokota makombo. Hivyo namba yako inasema wewe ni nani, hata mdomo wako ukisema mengine. Aliyelalamika nilimwambia asiyekubali kushindwa si mshindani, nikafunga daftari.

Shida ilikuwa baba mkwe. Kwetu mkwe hamzidi baba mkwe mbele za watu. Kiti chako kinakuwa cha chini, neno la mwisho ni lake, na akikupa kahawa ya kutafuna unapokea kwa mikono miwili. Sasa utamfungaje kwa shoka, nyuma ya nyumba yake, binti yake akitazama? Kila ratiba ilipotukutanisha nililegeza mkono kidogo. Shoka moja lilienda pembeni, jingine likadunda na kuangukia majani. Yeye alishinda kwa alama mbili tatu, akanipa pole, tukaingia ndani kula ndizi. Wengine aliwafunga pia, tena vibaya, lakini hilo nililiita bahati.

Kisha tukaalikwa Muleba. Mwalimu mwenzangu aliyehamia kule alikuwa ameanzisha ligi yake, akataka tulete watu wanne. Tulikubaliana waende wanne wa kwanza kwenye daftari langu. Nikakokotoa: baba mkwe wa kwanza, mimi wa tano. Niliumia kweli. Niliitaka ile safari kuliko nilivyowahi kuutaka ualimu mkuu.

Siku hiyohiyo nikachora safu ya pili pembeni ya ile halali, nikarudia hesabu ya mwaka mzima kana kwamba nilimshinda baba mkwe kila nilipolegeza mkono. Nikatoka wa kwanza. Niliitazama ile namba mpaka chai ikapoa.

Mke wangu aliliona daftari mezani, akauliza safu ya pili ni ya nini. Nikamweleza kwa unyenyekevu mwingi jinsi nilivyomlinda baba yake. Alijifuta macho kwa pindo la khanga, nami nikadhani amenihurumia. Kumbe alikuwa anacheka. Kufika Alhamisi baba yake alishajua kila kitu.

Ilibaki Jumamosi moja kabla ya safari, na ratiba ilinipanga na yeye. Nikimfunga, ningepanda hadi nafasi ya nne. Kabla hatujaanza aliniita kando, chini ya migomba, akanimiminia kahawa ya kutafuna viganjani.

"Mkwe," alisema, "leo nitupie kama unavyowatupia wengine. Na mimi nitafanya hivyohivyo."

Nilimjibu, "Sawa, Tata," maana ndivyo kwetu tunavyomwita baba, na moyoni nikamwonea huruma. Maneno yake ya mwisho sikuyatilia maanani.

Nilianza mimi. Sijawahi kutupa vile tena. Mashoka yote kumi yalikita ubaoni, manne katikati kabisa, na watu wakanipigia makofi. Nikamtazama mke wangu, naye akatazama pembeni.

Ndipo baba mkwe akavua koti. Mwaka mzima sikuwahi kumwona akivua koti. Mzee huyu ujana wake wote aliumaliza akiangusha miti na kupasua mbao kule Ngenge, jambo nililolijua siku zote bila kulifikiria hata mara moja. Alitupa polepole, kama mtu anayetundika kofia yake msumarini. La kwanza, katikati. La pili, katikati. Nilihesabu kwa sababu ndiyo kazi yangu: tisa katikati, na moja kwenye ukingo wa rangi.

Aibu ilinishika mpaka masikio. Nikamuuliza kama siku zote hizo alikuwa anaweza hivi.

"Wewe ni mume wa binti yangu," alisema akivaa koti lake. "Ningekufunga hivi mbele yake?"

Nikaketi kwenye kiti changu cha chini, nikaandika matokeo. Nikabaki wa tano, tena nikiwa na pointi chache kuliko asubuhi. Nilitaka kuichana ile safu ya pili, lakini mke wangu akaushika mkono wangu, akasema ibaki, baba yake anaomba kuiona.

Muleba nilikwenda vilevile, daftari kwapani, kama mtunza pointi. Kwenye basi baba mkwe aliniachia kiti cha dirishani, akakaa yeye upande wa njia na mfuko wa mashoka miguuni. Mkwe mwenye adabu angekataa. Mimi nilikaa, kumbe mwaka mzima nilikuwa nimezoea kuachiwa.