Nyayo Kumi na Moja za Hilarión

Katika uwanda wa jangwa la Atakama mvua ni kitu cha kusimuliwa. Ukikanyaga leo, alama yako utaikuta miaka ishirini baadaye. Ndiyo maana Zunilda Colque alipata kazi. Wanasayansi walikuwa wakilijaribia pale gari la kwenda sayari ya Mirihi, kusiko na watu, na hawakutaka kamera zake zione nyayo za watu. Basi kila asubuhi mjane huyu alipita na ufagio akifuta nyayo za wahandisi, ambao, kusema kweli, walikanyaga ovyo kama kuku.

Nyuma ya mgodi uliofungwa palikuwa na nyayo kumi na moja asizozigusa. Zilikuwa za mumewe, Hilarión, za asubuhi ile aliyokwenda kazini na mgodi ukamfunika. Maiti haikupatikana. Kaburi lake lilikuwa hizo nyayo tu, na Zunilda hakuwa na mtu mwingine wa kumwamkia.

Siku Renata, mhandisi kijana, aliposema gari litapita upande ule, Zunilda roho ilimruka.

“Usihofu, Mama. Likiona mawe linakwepa.”

Zunilda akazizungushia nyayo mawe meupe, duara safi, kama watu wa kwao wafanyavyo kwa kitu kisichoguswa. Akaenda kunywa chai yake ya majani ya koka, moyo umetulia.

Hakujua kwamba wanaoliongoza gari wako Santiago, mji mkuu wa mbali, na uwanda wanauona kwa picha tu. Kuona mawe yamejipanga duara, wakashangilia wakidhani wamegundua ajabu, wakaliamuru liingie katikati lichimbe.

“Lisimamishe, mwanangu!” Zunilda alimfikia Renata akihema.

“Siwezi, amri zinatoka kule. Kwani mawe umeyapanga wewe?”

“Si ulisema linakwepa mawe?”

“Linakwepa, Mama. Ila hayo wameyapenda.”

Magurudumu sita yalipita taratibu, wala hayakuwa na haraka. Katika nyayo zote ikabaki alama ya kisigino kimoja.

Kesho yake watu wa Santiago wakakiona kisigino hicho kwenye picha, wakafoka: nani kachafua uwanja? Kifutwe, jaribio lirudiwe.

Renata alikuja macho mekundu, akanyoosha mkono kuupokea ufagio. “Samahani, Mama. Sikujua. Leo acha nifagie mimi.”

Zunilda aliukumbatia ufagio kifuani.

“Niachie,” alisema. “Huyu ni wangu. Hatazikwa na mgeni.”