Niliweka samadi kwenye ploti ya sifuri, Kampala ya miaka ya sabini

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nimeona humu watu wanabishana kuhusu mbolea, nikakumbuka jambo ambalo hata wanangu sijawahi kuwaambia. Sitatia chumvi. Nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Magharibi. Miaka ile nilikuwa kibarua kwenye shamba la majaribio ya kilimo, ukishapita Nateete. Ni wakati wa utawala wa jeshi. Waliokuwepo wanaelewa.

Bosi wangu alikuwa Mganda mpole, baba wa mapacha, kwa hiyo sote tulimwita Ssalongo. Alikuwa na ploti za mahindi zinazopandwa pale pale mwaka hadi mwaka. Moja inapata samadi, ya pili inapokezana na maharage, ya tatu mbolea ya dukani. Ya nne haipewi kitu. Miaka kumi na mbili, sifuri.

Hiyo ya nne ndiyo kipimo wakuu. Bila hiyo hujui samadi imesaidia kiasi gani, wala udongo unachoka kwa kasi gani. Ila kwa macho ilikuwa aibu tupu, mahindi ya njano yanayoishia magotini.

Siku moja likaja gari la jeshi. Kapteni na askari watatu. Redio ilikuwa inahimiza kila siku watu walime zaidi, nao wakawa wanakagua mashamba. Akafika ploti ya nne, akasimama.

"Hii nani nalima namna hii? Nyinyi nataka watu ya Uganda kufa njaa?"

Kiswahili cha Ssalongo kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mdomo wake. Nikaeleza kwamba ni jaribio. Kapteni akasema hapana, hii ni hujuma.

"Kesho saa nne mimi narudi. Kama samadi hakuna hapa, huyu mzee nakwenda Luzira."

Tulijua watu walioambiwa wanapelekwa gereza la Luzira na Luzira kwenyewe hawakufika. Karani wetu alichukuliwa kazini, na mkewe bado alikuwa anakuja getini kumuulizia.

Walipoondoka nikamwambia Ssalongo tuweke samadi kidogo yaishe. Akakataa.

"Ukiweka mala moja, miaka yote imekufa. Kesho nitamwereza, ataerewa."

Nilimkasirikia sana. Mtu ana watoto wanane, anataka kufa kwa ajili ya mahindi ya njano?

Kulipopambazuka nilikuwa zizini. Nikatoa samadi wilibaro saba, nikaimwaga ploti ya nne na kuichanganya kwa jembe.

Saa nne kapteni huyo. Ssalongo alikuwa ofisini tangu asubuhi anapanga maneno yake, shambani hajafika. Tukaenda wote. Ssalongo akaona. Akanitazama, nikaangalia chini.

Kapteni akachota udongo, akaunusa. "Nani naweka hii?"

Ssalongo akafungua mdomo. Nikajua anataka kusema ukweli, kwamba yeye hakuagiza. Nikamuwahi: "Yeye ndiye aliagiza, afande."

"Mzee, ni kweli?"

Ssalongo alinitazama mimi kwanza, ndipo akaitikia kwa kichwa.

Kapteni akampiga begani, wakapanda gari wakaenda.

Nilitegemea ahsante wakuu. Mzee alikaa chini pale pale kwenye tuta akalia, kamasi zinamtoka. Kisha akanituma nilete kitabu cha kumbukumbu za shamba. Nikamsihi tusiandike, nani atajua? Akaandika mwenyewe: ploti ya nne, samadi, wilibaro saba. Kwenye sababu akaweka neno moja, woga. Akatia sahihi yake, siyo yangu.

Msimu mzima hakunisemesha zaidi ya mambo ya kazi. Lakini ploti ile aliendelea kuipima, sasa akitafuta samadi ya siku moja inakaa ardhini miaka mingapi.

Nyie mnaofanya majaribio ya kilimo siku hizi, hilo ndilo nililojifunza kwake. Jaribio likiharibika, liandike lilivyoharibika. Usipambe data.

Mara ya mwisho tulipoonana serikali ile ilikuwa imeshaanguka, na yeye ana wajukuu. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Kwa kuniokoa, ndiyo. Kwa ploti, bado."

Semeni wakuu, ungekuwa wewe zizini asubuhi ile ungefanyaje? Wa kunitukana pia karibuni, nimeshazeeka.