Mashua Iliyozamishwa kwa Wino

Mauza binti Hashil alikuwa mjane wa Mtaa wa Msimbazi, muuza nazi wa Kariakoo, mwanamke asiyemeza neno lililomkwama kooni. Mwaka 1934 nahodha wa mashua yake, Mgeni, alikufa kwa homa huko Mafia. Mauza akamweka Abdulla mahali pake, akaenda ofisi ya vyombo vya baharini kumwandikisha.

Karani Onesphory, kijana wa Kilimanjaro, alimwamkia shikamoo, akapekua daftari, kisha akainua uso.

"Mama, mashua hii haipo. Imezama."

"Imezama wapi, nawe ukichungulia dirishani unaiona?"

Ilikuwepo kweli, imevutwa mchangani, nazi zimo bado. Lakini daftari lilipangwa kwa majina ya manahodha, si ya vyombo. Taarifa ilikuja kuwa Mgeni amefariki. Basi, kana kwamba nahodha hafi bila chombo chake, pembeni ya jina lake pakaandikwa: chombo kimezama.

"Sasa lazima kiandikwe kama chombo kipya," Onesphory alisema, "na kipimwe. Mpimaji yuko Lindi."

Zikapita wiki saba. Nazi zikachipua, jua likapasua mbao. Kila Jumatatu Mauza aliambiwa njoo kesho, na kesho mlango umefungwa. Siku moja alimkuta barazani mzee Ghanim, mwenye mashua moja, iliyoandikwa mara tatu kwa manahodha watatu.

"Yangu imezama, yako imezaa," Mauza alisema. Hakuna aliyecheka.

Akarudi ndani, akamkamata karani mkono wa koti. "Twende! Ukaizamishe kwa mikono yako, nione."

Onesphory alimfuata mpaka mchangani. Akapapasa zile nyufa.

"Lile neno niliandika mimi, mama."

Mauza aliinua kofi, akalirudisha kwa shida. "Basi utalifuta wewe."

"Bwana mkubwa hataki daftari liguswe."

"Mwambie tunamngoja barazani."

Wakakusanyika wenye vyombo kumi na mmoja, wakakaa siku tatu, yule bwana mkubwa, Mzungu, akiwaruka miguu kuingia ofisini kwake. Siku ya nne Onesphory alimwekea mezani daftari jipya alilolipanga mwenyewe: kila chombo na namba yake, namba hiyo ichongwe ubaoni mwake, na nahodha akibadilika ni mstari mmoja tu.

"Nani amekuruhusu?" Mzungu alifoka.

"Iulize mashua iliyozama!" Mauza alipaza sauti kutoka mlangoni.

Mzungu akatazama baraza iliyojaa watu. Mkuu wake alikuwa anakuja Ijumaa. Akatia sahihi.

Mashua ya Mauza ilipewa namba nne, ikashushwa majini baada ya mafundi kuziba nyufa mwezi mzima. Ofisi haikumwomba radhi. Aliyeomba ni Onesphory peke yake, naye kabla ya mwezi huo kwisha akahamishiwa Kigoma kwa kosa la kugusa daftari bila amri. Habari ilimfikia Mauza sokoni, kati ya wateja. Aliacha nazi hazijahesabiwa, akafunga buibui lake, akashika njia ya ofisini, na Ghanim nyuma yake akiita wenzao warudi kukaa barazani.