Jani Shingoni mwa Kinyozi

Kinyozi mmoja alitaka kuchorwa jina la mkewe shingoni, kwa herufi nyembamba. Mchora tatuu akamkatalia.

"Ngozi ya shingo hulegea, kaka. Herufi nyembamba zitatanuka zishikane, mwishowe lisomeke jina la mwingine. Chukua jani la mistari minene, lenye nafasi katikati."

Kinyozi alihisi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Picha zote ukutani zilikuwa za tatuu mbichi, ngozi bado imevimba.

"Nionyeshe iliyozeeka," alisema.

Mchoraji akamwita dada yake kutoka chumba cha nyuma. Dada akainamisha kichwa. Jani lake la shingoni lilichorwa kabla hajapata kifungua mimba, ambaye sasa yuko sekondari. Wino ulikuwa umefifia kidogo, lakini jani lilikuwa bado jani. Kinyozi hakuridhika, akalowesha kidole gumba, akalisugua.

"Sugua tu, kaka yangu," dada alisema. "Mama mkwe alijaribu mpaka na dodoki."

Halikutoka. Kinyozi akakubali yaishe, akachorwa la kwake.

Nyumbani, mkewe alimzungusha kwenye mwanga wa dirisha.

"Si ulisema jina langu?"

"Herufi hazizeeki vizuri, mama watoto."

"Na hili jani umelitoa wapi?"

Akamsimulia yote, hata habari za kumsugua dada wa watu shingo. Mkewe akachukua mtandio wake.

"Vaa viatu," alisema. "Hiyo shingo na mimi nataka kuiona."