Mtoki wa Baba Neema

Mume wangu alirudi kutoka kuvuna mpunga Mchombe na mtoki kwenye kinena, uvimbe mkubwa kama limau. Nikajua kaniletea ugonjwa wa zinaa, nami bado nanyonyesha. Akaapa hajagusa mwanamke. Nikamwambia akamdanganye mama yake.

Asubuhi nikamburuta mpaka zahanati. Wazee waliokaa kwenye benchi hata shikamoo sikuwapa. "Mpisheni huyu," nikasema kwa sauti, "ana magonjwa ya wanawake wa Mchombe." Wakacheka. Yeye akaingia kwa daktari akichechemea, nami nikamfuata, nikiona anaigiza.

Daktari akambonyeza kinena, kisha akamwambia avue raba na soksi, zile ambazo hata kitandani hakuvua. Kidole gumba kilikuwa cheusi, kinatoka usaha. Alijikata na mundu, akafunga tambara, akaendelea kuvuna.

"Mtoki umeanzia hapa," daktari akasema. "Damu tutapima, lakini kidole chenyewe huenda tukakikata."

"Kwa nini hukuniambia?" nikafoka, machozi yananitoka.

Mume wangu alikuwa anautazama mlango, na nje watu walikuwa bado wanacheka.

"Mama Neema," akasema polepole, "nenda kawaambie na hili."