Mtihani wa Mwisho wa Bado Mmoja

Ofisini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Bado Mmoja, kwa sababu kila ulipomuuliza masomo yake ya uhasibu yamefikia wapi, alirekebisha tai na kujibu, "Bado mtihani mmoja tu." Jibu hilo nilianza kulisikia nikiwa karani mpya wa masjala. Sasa nina wajukuu wawili.

Asionewe, akili kichwani alikuwa nazo. Vijana wote wa kitengo cha fedha aliwafundisha yeye, saa ya chakula cha mchana, kwa maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake. Wakafaulu, wengi wakaondoka. Yeye akifika chumba cha mtihani anaanza kubishana na swali.

"Wamelitunga vibaya," alituambia kila matokeo yalipotoka. "Nimewaandikia jinsi ya kulitunga."

Mkewe alichoka. Siku ya matokeo alikuwa anakwenda zake kushinda kwa dada yake.

Kilichoniudhi zaidi ni muhuri. Alipofeli mara ya pili tu, alikwenda kuchongesha muhuri wa mpira wenye jina lake, na chini ya jina, Mhasibu Aliyesajiliwa. Eti anajiandaa. Kila Ijumaa aliutoa kwenye droo, akagonga mara tatu juu ya karatasi chakavu ili usikauke wino, kisha akaniletea karatasi nikatupe. Nikatupa.

Mwaka jana mhasibu mkuu akastaafu. Kiti kikatangazwa: anatakiwa mwenye cheti cha Bodi ya Wahasibu, na maombi yanafungwa baada ya miezi mitatu. Mwezi huohuo Bado Mmoja akafaulu. Alilia mbele ya ofisi nzima, na mimi mwenye ulimi wangu huu nikajikuta nalia naye. Kilichobaki ni fomu ya usajili tu.

Aliijaza siku mbili, mistari yote kwa rula. Alipokwisha kutia sahihi akaona pembeni kumebaki nafasi tupu, na nafasi tupu kwenye fomu zimemkera tangu ujana. Akafungua droo.

Bodi ilijibu upesi kuliko kawaida yake. Iliuliza, mtu aliyekwisha kujisajili mwenyewe anaomba nini kwao? Usajili ukasimamishwa mpaka afanye mtihani wa maadili ya kazi, mwaka unaofuata. Kiti akapewa binti wa meza ya jirani, mwanafunzi wake wa mwisho.

Binti wa watu hakuringa. Alimletea jalada.

"Mwalimu, haya ni maelezo ya maadili. Yatakusaidia."

"Kayaandika nani?"

"Ni yako, Mwalimu. Yale uliyonipa."

Akafunua ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasoma naye. Kwa mwandiko wake mwenyewe, umepigiwa mistari miwili: Ni marufuku kutumia cheo kabla hujasajiliwa.

Alifunga jalada, akarekebisha tai, akanitazama. Safari hii sikumuuliza.