Shujaa Aliyeamkia Kabla ya Kupiga

Ofisi ya mwanasheria ninayofanyia kazi hapa Washington ina kesi ya hakimiliki isiyokwisha. Zamani watu wawili walibuni shujaa wa katuni, anaruka angani na kuinua magari. Mmoja aliandika hadithi, mwenzake akachora. Wote wamekwisha kufa, na sasa wajukuu zao wanagombana shujaa alitoka kichwani mwa nani. Wakija kikaoni hawasalimiani. Mimi huwapelekea kahawa nikisema moyoni, jamani, watu wazima hawa, wanagombea mtu wa karatasi!

Basi yakanifika yangu.

Utotoni, Tanga, mimi na dada yangu tulikuwa na shujaa wetu. Mwanamke, kafunga kanga shingoni, anaruka. Dada alichora, maana mkono wake mzuri, mimi nilitunga. Na nilichotunga mimi, wallahi, ndicho kilichomfanya awe wetu: shujaa mwenye adabu. Jambazi akiwa amemzidi umri, hampigi mpaka amwamkie, "Shikamoo," naye aitikie, "Marahaba." Ndipo kipigo.

Mwaka huu binti wa dada, anayesoma chuo kule College Park, akamtolea shujaa huyo kitabu. Nakala ikanifikia nyumbani Woodbridge. Jalada zuri, kanga inapepea, na chini yake imeandikwa: shujaa amebuniwa na mama yangu. Mama yako peke yake! Shikamoo yangu imo ukurasa wa kwanza, mimi simo hata wa mwisho. Nililia kwa hasira, sifichi.

Jumamosi nikaendesha gari mpaka kwa dada, Columbia Heights, njia nzima napanga maneno. Vitabu vyote virudishwe! Asinichezee, wanasheria nawajua! Akafungua mlango, mikono imejaa unga wa chapati. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, lakini huyu ni dada mkubwa, nitaanzaje?

"Shikamoo."

Akanitazama, akarudi zake jikoni.

"Dada, shikamoo!"

"Nimesikia. Siitikii. Kitabu nakiona hapo mkononi mwako. Nikiitikia tu, umenipiga."

Nikakishusha kitabu. Maana na hilo lilikuwa la kwenye hadithi yetu: jambazi aliyegundua kwamba asipoitikia, shujaa hawezi kumgusa, akamzungusha mji mzima na shikamoo yake. Hilo alilitunga dada, siku anaumwa homa, tukacheka mpaka mama akatufokea. Na kwa kuwa alikuwa hoi, jambazi yule nilimchora mimi, miguu yote upande mmoja. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikavuta kiti nikakaa, nacheka na machozi yananitoka.

"Mtoto nilimsimulia mimi, akadhani ni yangu peke yangu," dada akasema, mzaha umemtoka. "Nilipoona jalada niliona haya hata kukupigia simu. Nimeshamwambia atuandike wote wawili."

"Nani atatangulia?" nikauliza, maana hasira haikuwa imekwisha yote.

Akanisogezea donge la unga, nisukume.

Nani atatangulia, mpaka leo hatujaamua. Kila nikimpigia simu ili tulimalize, namwamkia kwanza, na dada haitikii. Ananiuliza tu nimekula nini.